Mchekaji wa Kuajiriwa na Mkwe Wake Mgombea

Ninyi wanangu mnaorekodi vichekesho hapa Lushoto mjini, mnaosimamisha simu juu ya tofali na kumwambia mwenzenu "cheka basi, cheka kama kweli", mnanipa raha na mnanipa uchungu. Raha, kwa sababu mnafanya kwa kujitolea kazi niliyoifanya kwa kuajiriwa. Uchungu, kwa sababu mnacheka vibaya. Mnacheka kabla neno halijatua. Mnacheka kwa koo badala ya tumbo. Juzi nimetazama kimoja mlichoniletea, yule anayecheka nyuma ya kamera nikadhani amekwamwa na mwiba wa samaki.

Mimi ni mstaafu. Baba Upendo, mume wangu, anasema mtu hawezi kustaafu kazi ambayo mwenyewe aliona aibu kuitaja kanisani, lakini yeye alikula mshahara wa kazi hiyo hiyo, basi anyamaze. Kazi yangu ilikuwa kucheka. Pale Tanga mjini kilikuwapo kituo cha televisheni, na kituo hicho kilikuwa na kipindi cha kejeli za siasa tulichokiita Chungu Jikoni. Kilirushwa saa nne usiku, kila msimu wa uchaguzi kikawa hakikosi mtu. Watu waliotuona usiku walidhani sisi ni watu wa usiku. Tulirekodi saa nane mchana, jua la Tanga likiwaka, watu wametoka kula wali wa nazi na wanasinzia. Kuchekesha mtu aliyeshiba wali wa nazi saa nane mchana, hiyo peke yake ingetosha kunipa nishani.

Mtaniuliza, televisheni ina haja gani na mtu wa kucheka? Wacheshi si wapo?

Sikilizeni. Tulikuwa tunaalika watu studio: walimu, wanafunzi wa chuo, mama lishe, madereva wa bodaboda, watumishi wa ofisi. Kila mmoja alikuja na hamu ya kucheka. Lakini mwigizaji akitokea kavaa kofia na tumbo la mto wa kulalia, akaanza kusema kama mgombea fulani anavyosema, mnajua walifanya nini? Walitazamana. Mwalimu anawaza uhamisho. Mama lishe anawaza kibanda chake. Mtumishi anawaza bosi wake yuko upande gani. Wote kicheko kimewajaa mashavuni kama maji ya kusukutulia, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, maana uchaguzi bado na haijulikani nani ataamka mheshimiwa. Hapo ndipo nilipohitajika. Mimi nilicheka kwanza. Baada yangu kila mtu alikuwa na la kujitetea: "Mimi nilivutwa tu na yule mama wa Kisambaa."

Cheo changu pale kilikuwa msaidizi wa ukumbi. Niliwaambia watu wa nyumbani kwamba napanga viti.

Nilivyoipata kazi hiyo ni hadithi ya msibani. Wakati huo nilikuwa nauza mapeasi na kabichi Tanga mjini, mzigo ukinishukia kutoka Shume, huku milimani kwetu. Nilikuwa na mteja mmoja, mzee wa Kizigua, aliyekuwa na tabia ya kuonja. Alionja peasi la huku, akaonja la kule, akasema nitarudi, akaenda zake ameshiba. Alipofariki nikaenda kumzika kwao Handeni. Sasa ninyi vijana mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba sisi na Wazigua ni watani, na mtani haendi msibani kulia tu. Jeneza lilipotaka kutoka nikalala mlangoni. Nikasema marehemu hatoki humu mpaka arudishe mapeasi yangu yote aliyoyaonja, na kama hawezi, basi mimi naingia naye kaburini tukaendelee kubishana huko. Kisha nikacheka.

Kicheko changu lazima niwaeleze, kwa sababu sasa kimezeeka na hamwezi kukiona kilivyokuwa. Kilianza polepole chini, kama ile mashine ya kupasulia mbao kule Shume inapowashwa, halafu kikapanda, na kikishapanda hakikuuliza tuko wapi. Nilipokuwa darasa la kipaimara mwinjilisti alinihamishia dirishani, kisha nje ya dirisha. Siku ile Handeni watu waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka na machozi yao usoni. Tulipomaliza kuzika, mtoto wa marehemu akanifuata, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, jina lake Mgaza.

"Mtani," akaniambia, "kicheko hicho huwa unakilaza wapi usiku?"

"Kwa mume wangu. Amezoea."

"Mimi ni mtayarishaji wa vipindi vya televisheni. Njoo ukilaze kwetu mchana."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Wenzenu huajiriwa kwa vyeti. Mimi nilifanyiwa usaili nikiwa nimelala mlangoni mwa nyumba ya matanga.

Siku yangu ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Mwigizaji wetu mkuu alikuwa Mzee Kibwana, fundi wa kuigiza watu mpaka wake zao wangekosea. Niliambiwa: leo Mzee Kibwana anamwigiza kiongozi mmoja wa mkoa, akianza tu kusalimia, cheka. Sikuambiwa kwamba kiongozi mwenyewe, yule wa kweli, amealikwa kuja kuwasalimu watazamaji kabla ya kurekodi. Akaingia mtu kavaa suti. Nikasema moyoni, ah, Mzee Kibwana amejua kujipamba leo, mpaka kipara! Akasema, "Ndugu zangu, habari za mchana." Nikafungulia. Ukumbi mzima ukafuata. Akasema, "Nimekuja kuwapa pole kwa mafuriko." Nikacheka mpaka nikapiga mapaja. Watu nao, si wameshafunguliwa mlango? Kila sentensi ilipokelewa kwa vifijo. Nikamwona Mzee Kibwana amesimama pembeni ya pazia, hajavaa hata viatu, kashika kichwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoelewa niliyekuwa namcheka ni nani.

Kiongozi yule alitoka ameng'aa. Alimwambia Mgaza hajawahi kupata wasikilizaji wachangamfu kama wale, na kuanzia siku hiyo akawa anaweka mizaha katika hotuba zake zote. Wananchi wa Tanga walioteseka na mizaha ile kwa miaka, nawaomba radhi. Ilikuwa kazi yangu.

Mzee Kibwana ndiye aliyenifundisha baada ya hapo. Alinikalisha kwenye kiti cha tatu kutoka mbele, karibu na njia, akaniambia mchekaji akikaa mbele anaonekana kapangwa, akikaa nyuma hasikiki. Alinikataza kunywa soda siku ya kazi na kula bada, ule ugali wa muhogo, kabla ya kurekodi, kwa sababu bada ikishakaa tumboni kicheko hakina pa kuanzia. Alinifundisha kungoja. "Neno likisemwa," alisema, "hesabu pumzi moja. Mwache mtu alisikie, aogope, ndipo umtoe woga." Na alinifundisha la mwisho ambalo nataka mlisikie vizuri, ninyi wa simu na matofali: mtu achekwe kwa alichokifanya, asichekwe kwa alivyoumbwa. Siku mmoja wa waandishi wetu alipoandika mzaha juu ya mguu mfupi wa mgombea mmoja, Mzee Kibwana aliniangalia, nikauma midomo, na ukumbi ukakaa kimya mpaka tukasikia feni. Mzaha ule haukurudi tena. Kumbe kazi ya mchekaji ni pamoja na kukataa. Mimi niliyekuwa sijakataa hata sahani ya tatu ya pilau nikajiona mkubwa sana siku hiyo.

Nilizunguka misimu kadhaa ya uchaguzi namna hiyo. Wagombea walikuja na kuondoka, tumbo la mto likabaki lile lile, tukilifua kila mwaka wa kura. Halafu ikaja mashine.

Fundi sauti wetu alirudi kutoka mafunzoni Dar es Salaam na kompyuta ndogo. Akaniomba niingie katika chumba kidogo chenye magodoro ukutani nichekee kipaza sauti. Cheka kidogo, mama. Cheka sana. Cheka kama mtu anayejizuia. Cheka kama umeona jambo la aibu. Nilicheka asubuhi nzima bila hata mzaha mmoja, na nawaambia, hakuna kazi inayochosha kama hiyo. Niliporudi nyumbani nilikuwa na huzuni ya mtu aliyetoka kufiwa. Lakini nilijisifu. Nilimwambia Baba Upendo, "Nimehifadhiwa." Akaniuliza, "Kama maharage?" Nikamwambia hajui maendeleo.

Ikawa ukumbi ukipoa sana, fundi anabonyeza kitufe, kicheko changu kinatoka spikani, nami nimekaa kwenye kiti changu nimefunga mdomo. Mara ya kwanza nilishtuka nikageuka kumtafuta huyo mwanamke mwenye kelele. Baadaye nilizoea, nikaona hata ni nafuu, koo langu linapumzika. Sikujua kwamba kitu chako ukishakiacha mikononi mwa mtu mwingine, kitakwenda mahali ambapo wewe usingekwenda.

Sasa niwaeleze habari ya Upendo, binti yangu.

Upendo alikuwa anafundisha shule ya msingi kule Shume, na huko alipendana na kijana mmoja wa huko huko, mpole, mkulima wa karoti na viazi. Posa ilikuja kwa utaratibu wote: mshenga akaja, barua ikasomwa, tukajibu. Kilichobaki kilikuwa kikao kimoja cha wazee kupanga siku ya ndoa. Baba wa kijana aliitwa Mzee Shemboza, mtu mzito, mwenye heshima zake, msharika wa miaka mingi. Ni mtu asiyecheka ovyo. Nilipokutana naye mara ya kwanza nilikaa nimefunika mdomo kwa kanga tangu salamu mpaka chai, na mshenga akanisifia kwa adabu. Hakujua nafunika nini.

Kwetu mkwe ni mkwe. Humtanii, humkodolei macho, na kumcheka hakupo kabisa. Mtani unaweza kumwambia atakufa kesho na akacheka. Mkwe ukimwambia tu kofia yake imekaa upande, umevunja nyumba mbili. Tumekulia hivyo, na naye kwako ni vilevile: hawezi kucheka mbele yako akapiga mapaja kama yuko na wenzake.

Basi msimu ule wa uchaguzi, posa ikiwa katikati, Mzee Shemboza akachukua fomu ya ubunge.

Na Mzee Shemboza, Mungu anisamehe, alikuwa lulu kwa watu wa kejeli. Alipokuwa diwani alikuwa ameahidi ghala la kuhifadhia mbogamboga, ili kabichi za Shume zisiwe zinaozea barabarani mvua ikikata njia. Aliweka jiwe la msingi. Uchaguzi uliofuata akaweka jiwe jingine, mahali pale pale, kubwa kidogo. Kisha la tatu, lenye marumaru na pazia la kitambaa. Ukuta hata mmoja haukuwapo. Wakulima walikuwa wanakalia yale mawe wakisubiri malori. Habari hiyo ikashuka mlima, ikafika kwa Mgaza.

Niliposoma kile walichoandika, nilikwenda kwake mbio. "Mtani, huyu ni mkwe wangu. Posa haijakwisha. Sitaweza kukaa ukumbini."

Mgaza ni Mzigua lakini mila anazijua. Akavua miwani akaifuta. "Wewe toka nje kabisa, Mama Upendo. Kaa kantini, agiza chai. Nitakuita kikiisha."

Nikaenda kantini. Nikanywa chai yangu na andazi, roho nyeupe, nikijiona mwanamke mwenye busara kuliko wote mkoani. Huko ndani, kumbe, Mzee Kibwana alitokea kwenye jukwaa amejifunga jiwe mgongoni kwa kanga kama mtoto, na kila alipofika alilitua, akalivuta pazia na kulizindua: mlangoni kwa jirani, kwenye banda la kuku, mbele ya choo. Na ukumbi ulikuwa kimya. Hakuna wa kuanza. Fundi sauti, ambaye hakuna mtu aliyemweleza habari za wakwe zangu, akaona kipindi kinazama. Akabonyeza.

Hakubonyeza cha "cheka kidogo". Alibonyeza "cheka sana".

Kipindi kilirushwa usiku ule ule, na asubuhi yake simu ililia kabla sijawasha jiko. Alikuwa Upendo. Wengine wangeanza na matusi, yeye alinisalimia kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Walikuwa wamekusanyika sebuleni kwa Mzee kutazama. Wazee wa kamati yake, mchungaji, wote. Mama, Shume yote inajua kicheko chako. Umewacheka watu miaka yote hii, mama. Sasa umefika kwangu."

Nilimweleza mashine, kantini, andazi. Nilikuwa nasikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyo mepesi. Simu ilipokatika nililia, si uongo, nililia kwa sauti, na hata kulia kwangu kunafanana na kucheka, kwa hiyo jirani akachungulia kuuliza kuna habari gani njema.

Mzee Shemboza alituma neno kwa mshenga: posa imesimama. Haikuvunjika, ila imesimama, na sababu kila mtu anaijua. Kijana wake alimsihi, mama wa kijana alimsihi, hakukubali. Aliendelea na kampeni. Tena alishinda, na alishinda vizuri. Mgaza na waandishi wake walikaa siku nzima hawasemezani. Walidhani wamemmaliza, kumbe wamempeleka nyumbani kwa watu ambao walikuwa hawajawahi kusikia jina lake. Watu wa kejeli tunajipa umuhimu sana. Sisi tulicheka, wananchi wakaenda kupiga kura wanavyotaka.

Kwa hiyo sasa hakuwa mkwe aliyekasirika tu. Alikuwa mheshimiwa aliyekasirika.

Kwa mila zetu ukimkosea mkwe huendi kujitetea mwenyewe. Utaongeza kosa juu ya kosa. Unamtuma mtani, kwa sababu mtani ndiye mtu pekee anayeweza kuingia katika nyumba yenye hasira na asifukuzwe. Nikamtazama Mgaza. Mgaza akatazama dari. Kisha akapanda Shume.

Alirudi kesho yake amechafuka vumbi. "Nimemweleza kwamba wewe hukuwamo ukumbini, kwamba ilikuwa ni mashine."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, mashine ilicheka kwa sauti ya nani?"

Akaanza kujikung'uta vumbi.

"Lakini amekubali kikao," Mgaza akaendelea. "Mtakwenda kesho kutwa, mtakaa. Mimi nitasema kama mtani wa Wasambaa wote, ni haki yangu, hajaikataa. Sharti lake ni moja tu. Wewe ukae pale mbele yake mwanzo mpaka mwisho bila kucheka. Amesema, hata meno yakionekana, posa imekwisha na asiitwe tena kuzungumza habari hiyo."

"Basi, mtani wangu, nakuomba kwa marehemu baba yako. Kesho kutwa uongee kwa upole. Salamu, pole, samahani, tunakunywa chai tunaondoka."

"Nitakuwa mpole."

Wanangu, mtani akikuahidi upole, kimbia.

Tulikwenda. Shume kulikuwa na ukungu na baridi ile inayoingia kwenye mifupa, sebule ya Mzee imejaa: wazee wa ukoo wake, wajomba, mashangazi, mshenga, Baba Upendo aliyevaa koti la harusi yetu. Upendo hakuruhusiwa kuja. Alibaki Lushoto kwa dada yangu, na asubuhi alipokuwa ananifunga kilemba alikaza fundo mpaka likaniuma. Mimi nilikaa kwenye mkeka, kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani. Mzee Shemboza alikaa kwenye kiti chake mkabala nami, ametazama ukuta juu ya kichwa changu, nami nimetazama miguu ya kiti chake. Ndivyo wakwe wanavyokaa.

Wakaongea Kisambaa kidogo, salamu za mvua na mazao. Mambo yakaenda vizuri. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Mgaza.

Alikuwa amebeba jiwe.

Jiwe la kweli, la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na juu yake ameliwekea kipazia cha kitenge kwenye kijiti. Alitembea nalo polepole kama mtu aliyebeba sakramenti, akalitua katikati ya sebule, akarudi nyuma hatua, akakohoa.

"Mheshimiwa Mbunge," akasema, kwa sauti ile ile ya Mzee Shemboza, nzito, yenye kuvuta mwisho wa maneno. "Waheshimiwa wazee wa Shume. Sisi upande wa bibi harusi tumesikia kilio chenu cha muda mrefu cha kukosa mkwe. Leo tumekuja kuweka jiwe la msingi la ndoa hii."

Nikauma ulimi.

"Bibi harusi ataletwa kwa awamu. Awamu ya kwanza, tutaleta viatu vyake. Awamu ya pili tutafanya upembuzi yakinifu. Awamu ya tatu, wafadhili wakipatikana, ataletwa yeye mwenyewe. Naomba wananchi muwe na subira, mchakato unaendelea. Kwa sasa bwana harusi anaweza kulikalia jiwe."

Mjomba mmoja wa pembeni alitoa sauti kama chai imempalia. Baada yake shangazi akashindwa kujizuia, akajificha nyuma ya mwenzake, na mwenzake naye akaangua kicheko. "Ee, mgosi, bwana wee!" mzee mmoja akasema, akainama na kofia usoni. Baba Upendo, mume wangu wa ndoa, aliyekula kiapo mbele ya madhabahu kunilinda, alikuwa amegeukia ukuta mabega yanatikisika. Kijana mwenyewe, bwana harusi, akatoka nje. Sebule nzima ilikuwa imebomoka, na mimi niko katikati na kicheko changu tumboni kinaanza chini, polepole, kama kawaida yake.

Nilimfikiria Upendo na lile fundo la kilemba. Nilifikiria misiba yote niliyowahi kuhudhuria, nikakuta yote nilicheka. Nikawaza deni la benki la kaka yangu, jino langu bovu, jehanamu. Machozi yakaanza kunitoka. Jasho likanitoka kwenye baridi ya Shume. Na Mgaza, mwana wa kulaaniwa, akamgeukia Mzee: "Mheshimiwa, karibu uvute pazia."

Hapo nikakosea, nikainua macho.

Mzee Shemboza alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa umevimba. Mishipa ya shingo imesimama, mkono umekamata mkono wa kiti, midomo imekunjwa ndani mpaka haionekani, na macho yake yamejaa maji kama yangu. Katika nyumba ile yote tulikuwa wawili tu ambao hatujacheka, kwa sababu mimi nilikatazwa na yeye, na yeye alikatazwa na mimi. Nikaelewa kwamba mzee wa watu anateseka.

Akasimama. "Samahani," akasema, sauti nyembamba kama ya mtoto, akapita mlango wa mbele haraka kwa mtu wa umri wake.

Mama mwenye nyumba, mama wa kijana, akanigusa bega. "Dada, njoo unisaidie jikoni."

Sijui nilifikaje. Nakumbuka nilishika nguzo ya jiko na kujaza kanga mdomoni. Na kabla sijaanza, nikasikia kutoka upande wa mbele, huko kwenye miti ya mapeasi, mtu anacheka. Kilikuwa kicheko kizito, cha mtu ambaye hakukitumia kwa miaka, kinakatika kwa kikohozi na kuanza tena. "Viatu vyake!" nikamsikia anasema peke yake. "Ati viatu vyake!" Basi nami nikafungulia. Nilicheka mpaka nikakaa chini karibu na mafiga, mama mwenye nyumba naye juu yangu. Kila nilipomsikia, changu kilipanda. Na alikuwa ananisikia, maana nikipanda naye alipanda. Hatukuonana. Nyumba nzima ilikuwa kati yetu, na heshima ilikaa mahali pake.

Tulirudi sebuleni, yeye kwa mlango wake, mimi kwa wangu. Kanga yangu imelowa, macho yake mekundu. Akaketi, akatazama ukuta juu ya kichwa changu. Nikatazama miguu ya kiti chake. Mgaza kasimama karibu na mlango, safari hii ameogopa kweli.

Mzee akakohoa. "Mshenga. Tulifikia wapi?"

"Tulifikia kwenye jiwe, Mheshimiwa."

"Litoeni nje," akasema. "Tuzungumze habari za watoto."

Mjomba mmoja akaliinua akatoka nalo. Mshenga akataja siku ya ndoa, Mzee akaitikia. Mimi nilishusha kanga usoni nikalia kimyakimya mpaka walipoleta chai, kwa sababu mwanangu alikuwa anaolewa.